Kutumia simu kuwasaidia wagonjwa wasikatize ARV: mwongozo kamili kwa kliniki za Nairobi

Kliniki yenye simu moja ya kabambe, yaani simu ya kawaida ya vitufe, daftari na mhudumu mmoja asiyechoka kusikiliza inaweza kuanza kazi hii Jumatatu ijayo. Nimelitanguliza hilo makusudi. Mikutano mingi ya kupanga huduma ya namna hii huanzia kwenye programu ya simu janja yenye rangi za kupendeza na huishia hapo hapo. Mama anayeuza mitumba Gikomba hana bando kila siku, na hata akiwa nalo, hataki picha ya kidonge itokee kwenye skrini mbele ya wateja.

Nawaandikia wauguzi, maafisa wa kliniki, washauri nasaha na washauri rika walio kwenye vituo vya CCC, yaani kliniki za huduma ya VVU, na zahanati. Anayemeza dawa mwenyewe pia atapata la kuchukua, hasa panapozungumzwa usiri.

Kabla ya yote: kengele ilishindwa, swali likafaulu

Nairobi ilijaribu mambo haya mapema, kwa hiyo hatuna sababu ya kubahatisha. Katika kituo cha Hope cha hospitali ya Coptic, watu 400 waliokuwa wakianza ARV, dawa za kudhibiti VVU, waligawanywa kwa kura. Baadhi walipewa kifaa kidogo cha mfukoni kilicholia saa ya dawa kwa miezi 6, baadhi wakapewa ushauri nasaha wa ana kwa ana, wengine wakapewa vyote viwili, na waliobaki wakapata huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Ushauri ulipunguza idadi ya walioshindwa kudhibiti virusi. Kengele haikuongeza kitu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo yalikuwa yamechapishwa matokeo ya utafiti wa meseji za simu ulioitwa WelTel, uliofanywa katika kliniki 3 za Kenya, Pumwani ikiwa mojawapo, kwa watu 538. Kila wiki muuguzi alituma meseji ya neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu "Shida" alipigiwa simu, na aliyenyamaza pia alipigiwa. Baada ya mwaka, asilimia 62 ya waliopokea meseji walisema wanameza dawa ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wasiopokea. Waliodhibiti virusi walikuwa asilimia 57 ya waliopokea, dhidi ya 48 ya wasiopokea.

Ukiyaweka matokeo hayo pamoja utaona kwamba wengi hawakuhitaji kukumbushwa saa. Walihitaji mtu wa kuwauliza hali, na awe yupo wanapojibu. Meseji ya "Mambo?" haikutaja dawa hata kidogo.

Tusijidanganye lakini. Huduma hiyo hiyo ilijaribiwa baadaye kwa watu 700 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, ili kuona kama itawabakiza kwenye huduma katika mwaka wao wa kwanza. Matokeo ya mwaka 2018 hayakuonyesha nafuu yoyote. Kwa maoni yangu, meseji humfaa aliyeamua kumeza dawa kisha maisha yakamkwamisha. Ambaye hajakubali hali yake, au amekwisha kuhama mtaa, hawezi kurudishwa na neno la kwenye simu. Huyo anahitaji kutembelewa na muda wa mshauri.

Hatua ya 1: Jua kinachomkwamisha kila mmoja

Usisajili namba hata moja kabla ya kuketi na mgonjwa dakika kumi. Mwulize siku yake inavyokwenda kuanzia anapoamka. Usimwulize "unasahau dawa?" kwa sababu atakujibu hapana, kwa heshima tu.

Soja anayelinda geti Kilimani huenda kazini saa kumi na mbili jioni na kulala asubuhi. Ukimwambia ameze saa tatu usiku, anameza akiwa lindoni na chupa inachacharika mfukoni mwa koti. Mhamishie saa ya dawa asubuhi anaporudi, na nusu ya tatizo imekwisha bila meseji yoyote. Yaya anayeishi kwa mwajiri Lavington hana kabati la kufunga, hivyo anahitaji kugawa vidonge vya wiki kwenye kikopo kisicho na maandishi, kikavu na chenye kifuniko cha kukaza. Mwanamume wa bodaboda huwa na simu yenye chaji siku nzima lakini hasomi meseji, hupokea simu tu. Kijana wa shule ya bweni hana simu kabisa. Huyo mpangie njia nyingine kupitia mtu mzima anayejua hali yake, na usimlazimishe kwenye mfumo ili orodha yako ionekane ndefu.

Halafu kuna mambo ambayo teknolojia haiyagusi: njaa, pombe, mume mkali, mchungaji aliyetangaza kwamba mtu amepona, au kuchoka tu na kidonge baada ya miaka kumi. Yaandike pembeni ya jina. Ndiyo yatakayorudi siku mgonjwa atakapojibu "Shida".

Hatua ya 2: Panga majibu kabla ya kupanga maswali

Hapa ndipo huduma nyingi huporomoka. Kituo kinanunua meseji elfu, kinatuma, watu wanajibu "Shida", na hakuna wa kupiga simu. Mgonjwa akilia shida mara mbili bila kusikika, mara ya tatu hajibu, na hata kliniki ataanza kuikwepa. Ni heri usingemwuliza.

Kwa hiyo keti na wenzako muandike kwenye karatasi moja nani anashughulikia nini:

- Dawa zimeisha au zimepotea: muuguzi wa zamu, siku hiyo hiyo.
- Kutapika, upele, kukosa usingizi, macho kuwa ya njano: afisa wa kliniki, naye ndiye aamue kama mtu aje leo au kesho.
- Amesafiri ghafla, tuseme matanga huko Siaya au Kitui, na vidonge vimebaki Kayole: mhudumu anapigia kituo kilicho karibu na aliko na kumwombea vya kumvusha.
- Kupigwa au kutishwa nyumbani: mshauri aliyefunzwa. Ipo pia namba ya bure ya taifa, 1195, inayopokea simu usiku na mchana.
- Hana chakula, amefungiwa nyumba, ameachishwa kazi: mfanyakazi wa jamii au kikundi cha mtaani. Wakikosa la kutoa, wamwambie wazi.

Ukiona karatasi hiyo ina mstari usio na jina la mtu, usianze bado.

Hatua ya 3: Ridhaa, na maswali ya usiri

Kumtaka mtu aweke saini kwenye fomu ni kazi ya dakika moja. Ridhaa yenyewe ni mazungumzo, na Nairobi ina sababu ya kuyafanya kwa uangalifu. Mwaka 2015 serikali iliagiza zikusanywe taarifa za watoto wa shule wanaoishi na VVU, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikatamka kwamba agizo hilo lilikiuka Katiba. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti VVU na Ukimwi inakataza kufichua hali ya mtu bila idhini yake, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Daftari lako la namba liko chini ya sheria hizo zote mbili, hata kama ni la shilingi hamsini.

Uliza haya, na uandike majibu:

Simu ni ya nani? Wengi hushiriki simu na mume, dada au jirani. Nani mwingine anajua neno la siri? Meseji ikiingia, maneno yanaonekana kwenye skrini iliyofungwa? Kama ndiyo, mwonyeshe papo hapo namna ya kuyaficha. Ni dakika mbili, na wengi hawajawahi kuambiwa. Apigiwe saa ngapi? Akipokea mtu mwingine, mhudumu ajitambulishe vipi? Wengine huchagua "wa chama", wengine "rafiki wa kanisani". Jina hilo alichague mgonjwa mwenyewe, nawe uliheshimu.

Mkubaliane pia neno la kusimamisha, kwa mfano "Acha". Akilituma, meseji zinakoma siku hiyo na hakuna anayemwuliza kwa nini hadi atakapokuja kliniki.

Jambo moja husahaulika. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa huweza kuuzwa upya kwa mtu mwingine. Kwa hiyo kila mgonjwa anapokuja, thibitisha namba kwa kumpigia hapo hapo mezani. Usimsomee namba na kungoja aitikie, maana ataitikia hata ile ya zamani.

Hatua ya 4: Maneno ya meseji

Maneno machache, yasiyotaja chochote. VVU, ARV, CCC, kliniki, dawa, virusi, hospitali: hakuna hata moja linaloingia. Jina la mtumaji nalo ni sehemu ya meseji. Nimeona watu wakihangaika kuficha maneno ndani, ilhali juu pameandikwa jina la mradi wa Ukimwi. Na kama laini ya kituo imehifadhiwa na watu wengi kwa jina la "CCC", Truecaller, programu inayotambulisha anayepiga, inaweza kulionyesha jina hilo kwa yeyote anayeitumia. Tumia laini mpya ambayo haijawahi kutumika kwa kazi nyingine.

Mifano inayofaa:

"Mambo? Sawa au shida?"

"Habari za wiki, mama. Uko sawa?"

"Niaje. Uko fiti ama kuna noma?"

Ya pili ni ya watu wazima. Usimtumie mzee wa Makadara "niaje", atakuona huna adabu. Ya tatu ni ya vijana, na waachie wenyewe washauri rika waitunge, kwa sababu Sheng ya Dandora ya mwaka jana huenda leo inachekesha. Anayesoma Kisomali au Kikamba vizuri zaidi aandikiwe lugha yake. Asiyejua kusoma apigiwe simu fupi badala ya meseji.

Epuka aya za Biblia na Kurani. Epuka kutisha na kukaripia. Epuka meseji ndefu za elimu ya afya. Hizo ni za kuzungumza ana kwa ana.

Mara ngapi? Mara moja kwa wiki. Huko Chulaimbo karibu na Kisumu, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha meseji za kila siku na za kila wiki. Waliopata za kila wiki, asilimia 53 walifikia kiwango cha kumeza angalau dozi 9 kati ya 10, dhidi ya asilimia 40 ya wasiopata chochote. Za kila siku hazikusaidia. Mtu huzizoea kama kelele za makanga, hazisikii tena.

Hatua ya 5: Chagua chombo

Kwa wagonjwa wasiozidi mia hivi, kabambe na daftari vinatosha. Chora safu: namba ya siri ya mgonjwa, siku ya kutuma, jibu, aliyepiga simu, kilichofanyika, tarehe ya kuchukua dawa tena. Majina yakae kwenye daftari la pili, kabati tofauti, ufunguo tofauti. Ukiibiwa simu au daftari moja, mwizi asiweze kuunganisha.

Wakizidi hapo, tumia kompyuta na huduma ya kutuma meseji kwa wingi. Nairobi zipo kampuni kadhaa za kazi hiyo. Swali la kuwauliza kwanza ni hili: mgonjwa anaweza kujibu, na anajibu bure? Ukiuziwa mfumo wa kutuma tu, umeuziwa ile kengele iliyoshindwa, kwa bei ya juu zaidi. Vituo vinavyotumia KenyaEMR, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa, viulize pia kuhusu Ushauri, mfumo wa meseji uliojengwa kwa ajili ya miadi ya wagonjwa wa ARV nchini. Huenda tayari unaweza kuunganishwa na kumbukumbu zenu, na hakuna haja ya kununua kitu kipya.

Asiye na kredo hata ya meseji moja aruhusiwe kuflash, yaani kupiga na kukata kabla simu haijapokelewa. Flash moja maana yake "nipigieni". Kila Mkenya anajua kuflash, hakuna mafunzo yanayohitajika.

Makundi ya WhatsApp yanapendwa sana na vijana, na yanasaidia kweli kuondoa upweke. Lakini kila mwanakikundi anaona namba ya mwenzake, na picha ya skrini husambaa kabla msimamizi hajaamka. Kundi liwe la walioombana wenyewe na kujuana ana kwa ana kwanza. Kliniki isimwingize mtu kwenye kundi bila kumwuliza, hata kwa nia njema.

Hatua ya 6: Wiki moja inavyokwenda

Jumatatu asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu, tuma. Majibu ya "Shida" yapigiwe siku hiyo hiyo. Jumatano asubuhi toa orodha ya walionyamaza. Mara nyingi utakuta kimya hakina jambo: stima ilipotea, simu iko kwa fundi, mtu alisoma akasahau. Piga hata hivyo. Asipopatikana, jaribu tena kesho yake kwa saa tofauti, kisha namba ya mtu aliyemtaja kuwa msaidizi wake, kama tu alikubali. Ijumaa timu ikae nusu saa kupitia waliobaki, iamue nani atembelewe nyumbani na mshauri rika, asiye na sare wala gari lenye nembo.

Simu yenyewe iende hivi:

– Halo, naongea na Mama Shiru?
– Ndiyo, ni mimi. Nani mwenzangu?
– Ni dada wa chama. Uko mahali unaweza kuongea?
– Hapana, niko na watu.
– Haya mama, hakuna neno. Nikupigie saa ngapi?

Basi. Hakuna zaidi mpaka atakapokuwa peke yake. Akiwa peke yake, anza na hali yake, kisha watoto, ndipo uulize kuhusu vidonge. Ukipata kwamba ameruka siku tatu, mshukuru kwa kusema. Si adabu tu: atakayekaripiwa leo atajibu "Sawa" milele.

Hatua ya 7: Maswali ya dawa yatakayokujia kwenye simu

Wengi siku hizi wanameza kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Mhudumu anayepiga simu awe na majibu haya mkononi, na yanayozidi hapo ayapeleke kwa afisa wa kliniki.

Aliyesahau dozi ameze mara akumbukapo. Ikiwa zimebaki chini ya saa nne kufika dozi inayofuata, aiache hiyo aliyosahau. Asimeze mbili kwa pamoja kufidia.

Anayetibiwa kifua kikuu kwa dawa zenye rifampicin huongezewa dolutegravir nyingine saa 12 baadaye. Mtu huyu humeza dawa mara mbili kwa siku, na akimaliza matibabu ya kifua kikuu ratiba hubadilika tena baada ya muda. Muwekee alama kwenye daftari.

Dawa za kiungulia zenye alumini au magnesi hupunguza nguvu ya dolutegravir. Ameze ARV saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Mama mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu anaweza kuvimeza pamoja na ARV ikiwa anakula chakula. Bila chakula, afuate pengo hilo hilo.

Hatua ya 8: Usipime kwa majibu ya "Sawa"

Jibu ni salamu, na salamu za Kiswahili huitikiwa vyema hata nyumba ikiwaka. Linganisha majibu na mambo matatu: tarehe alizochukua dawa, vidonge vilivyobaki anapokuja, na wingi wa virusi. Wengi waliotulia hupewa dawa za miezi mitatu au zaidi, kwa hiyo tarehe iliyopitwa na wiki mbili ni ishara nzito kuliko meseji ishirini.

Kipimo kikirudi na virusi vimepanda, hapo mtu huyu anahitaji vikao vya ushauri vya ziada, kisha kupimwa tena baada ya miezi mitatu. Wakati huo mpigie kila wiki badala ya kumtumia meseji. Na kipimo kikirudi kizuri, mwambie kwa furaha, kwa sauti, akiwa peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba mtu ambaye virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Kuna watu wameishi Nairobi miaka mingi na dawa bila kuambiwa hilo, na ukimwambia hutahitaji meseji ya kumshawishi.

Hatua ya 9: Huduma isife na mfadhili wala na mtu mmoja

Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, wahudumu wengi wa VVU nchini walijikuta nje ya kazi, na mifumo mingine ya meseji ilibaki bila mtu wa kuisoma. Hesabu gharama zako kwa kiwango ambacho kituo chenyewe kinaweza kubeba: laini, kredo ya mwezi, saa chache za mhudumu kwa wiki. Kama huwezi kuwabeba wote, anza na wenye virusi vilivyopanda, walioanza dawa mwaka huu, vijana, na akina mama wanaonyonyesha.

Laini isajiliwe kwa jina la kituo, isiwe ya muuguzi binafsi, na simu isitoke getini. Muuguzi anapoenda likizo, ampigie mgonjwa mwenye shida nzito na kumtambulisha kwa jina yule atakayeshika zamu, wote wawili wakiwa kwenye laini. Anayeshika zamu asome daftari la wiki nne zilizopita kabla ya kutuma "Mambo?" yake ya kwanza.